Nywele Zilizokosea Kichwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Same, Mkoa wa Kilimanjaro
Kosa linalochunguzwa: Shambulio la kudhuru mwili
Jina la shahidi: Hezroni Elinaza Mgonja
Umri: Miaka 34
Kabila: Mpare
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mkulima wa tangawizi
Makazi: Kijiji cha Ngambweni, milimani, Wilaya ya Same
Tarehe: 10 Juni 2025, saa 4:15 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimekubali. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Anayeniandika ni Koplo Kurwa. Ameniambia nianzie mwanzo. Mwanzo wa jambo hili ni upara wangu, kwa hiyo nitaanzia hapo, na naomba nisichekwe, kwa sababu nimechekwa vya kutosha.

Nywele zangu zilianza kurudi nyuma nikiwa na miaka ishirini na sita. Zilianza pande mbili za paji, kisha utosini. Marehemu baba alikuwa nao upara, na babu pia, kwa hiyo sikushangaa, ila kwangu uliwahi. Mwaka juzi, kwenye harusi ya binamu yangu kule Lembeni, mwanamke niliyesoma naye darasa moja alinipa shikamoo na hakuwa anatania. Aliyekuwa anapanga watu akanipeleka meza ya wazee, nikala pilau na watu wanaozungumzia mgongo na presha. Mke wangu, Irine, alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka.

Mtoto wetu wa kwanza, Victoria, alizaliwa Julai mwaka jana. Nilimpenda sana, lakini pia nilipiga hesabu: siku atakayoanza shule, watoto wenzake watamwuliza kama aliyemleta ni babu yake. Ndipo mwezi wa Oktoba 2024 niliposhuka Same mjini, nikaingia duka la dawa. Muuzaji anaitwa Abdulmajid. Alinipa dawa ya maji ya kupaka inayoitwa minoksidili, ya asilimia tano. Alinieleza vizuri. Alisema nipake asubuhi na jioni kwenye ngozi yenyewe ya kichwa, niache ikauke, ninawe mikono, na nisiwe na haraka. Maneno yake yalikuwa, "Mwanzoni zitapukutika zaidi, kaka, usije ukanirudia na rungu. Zikiondoka dhaifu ndipo mpya zinaanza." Nilimwuliza madhara. Akasema wengine huwashwa, wengine moyo hudunda, nikiona hivyo niache. Kuhusu mtoto mdogo hakusema, wala mimi sikuuliza. Nani angeuliza? Nilikuwa nanunua dawa ya kichwa changu. Simlaumu Abdulmajid, na naomba hilo liandikwe.

Dawa sikuificha. Chupa ilikaa dirishani, karibu na kioo. Kila aliyeingia kwangu aliiona, na wengi waliuliza, nikawajibu. Nasisitiza hili kwa sababu sasa wapo wanaosema nimeitunga dawa baada ya mambo kuharibika. Vijana wa kwaya walinitania mpaka Krismasi. Shemeji yangu mwenyewe, Melkizedeki, kaka wa Irine, alipokuja Desemba aliishika ile chupa mkononi, akanusa, akasema inanuka kama spiriti. Leo anasema hajawahi kuiona.

Kweli mwanzoni zilipukutika. Halafu Januari utosini paliota unyoya kama wa kifaranga, na Februari ukawa nywele. Nilifurahi. Afande ameniambia nisieleze furaha, nieleze tukio. Nitafika kwenye tukio, lakini bila haya halieleweki.

Irine ni fundi cherehani na siku za gulio hushinda sokoni. Siku hizo mtoto alikuwa akilelewa na watu wawili. Wa kwanza ni mimi. Njia za kwetu ni kupanda na kushuka, na mgongoni nabeba samadi au gunia, kwa hiyo Victoria nilimweka shingoni tangu alipokaza shingo. Akikaa juu alinikumbatia kichwa kwa mikono miwili, akalaza shavu, akalala hivyo hivyo njia nzima. Alipoanza kuota meno alikuwa ananyonya utosi wangu kama anayenyonya muwa. Watu walitucheka njiani. Niliona ni mapenzi. Mpaka sasa naona yalikuwa mapenzi.

Wa pili ni shangazi yangu, Rogathe Mgonja, dada wa baba, mjane wa miaka 66. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ua wake umepakana na wangu. Yeye alikuwa akimwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta ya nazi, kumnyoosha miguu na mikono, kama anavyofanya bibi yeyote.

Mwezi wa Februari mwaka huu Irine aliniita nione paji la uso la Victoria. Kulikuwa na nywele. Shangazi aliangalia akasema, "Hizo ni malaika tu, zitaondoka." Kila mtoto huwa na malaika, vile vinyweleo laini, kwa hiyo tukatulia. Lakini malaika wa mtoto huyu hawakuondoka. Walishuka mashavuni, wakashuka shingoni, wakaenda mikononi na mapajani. Mgongoni zilifuata uti wa mgongo, nyeusi, ndefu kama pingili ya ncha ya kidole. Mwezi Machi kliniki, mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na Irine alimfunika mwanawe kanga usoni, akahama benchi. Kuanzia hapo Irine alimvalisha Victoria kofia ya sufu na soksi za mikononi hata jua likiwaka. Kanisani akaacha kwenda.

Mnamo tarehe 2 Aprili 2025 tulishuka hospitali, Same. Tulionwa na daktari wa kike, Daktari Nasrin. Alimpima mtoto kila mahali, akasikiliza moyo muda mrefu, akauliza maswali ya kila aina: kwenye ukoo kuna mtu mwenye nywele nyingi, mtoto amepewa dawa gani, Irine ametumia nini. Hakuna kitu. Alipoenda kuandika, mimi nikampandisha Victoria shingoni anyamaze. Naye akainama, akaanza kunyonya utosi wangu. Daktari aliinua macho, akaacha kuandika.

Akaniuliza, "Baba, kichwani unapaka kitu?"

Nikamwambia.

Alisema, "Mshushe." Hakusema kwa ukali, lakini alisema haraka.

Alitueleza kwamba dawa ile inapita kwenye ngozi, na ngozi ya mtoto ni laini, na mtoto alikuwa pia anailamba. Alisema dawa haichagui kichwa. Ikimwingia mtoto, nywele huota popote. Alisema hatari kubwa ni moyo na presha, nywele ni dalili tu, na kwamba tushukuru moyo wa Victoria uko sawa. Niache kabisa kupaka, tufue mashuka na foronya na nguo zangu, nywele zitapukutika zenyewe polepole, huenda miezi miwili mitatu. Kisha akamwangalia Irine akasema, "Mama, mtoto wako si mgonjwa wa ajabu. Na hakuna aliyemfanyia kitu." Alisema maneno hayo bila kuulizwa. Nadhani alishajua tunakorudi.

Siku hiyo hiyo niliacha dawa. Njiani Irine alimbeba mtoto mwenyewe mpaka tulipofika kwenye kona za juu. Ndipo akasema, "Ulizitafuta nywele, Hezroni. Zimekuja, ila zimekosea kichwa." 

Nilichofanya baada ya hapo nakieleza kwa sababu nataka ijulikane kwamba nilisema. Nilimwambia shangazi. Niliwaambia majirani pande zote mbili. Nilimwambia mzee wa kanisa. Nilimwambia mwenyekiti wa kitongoji, Aminieli Mbwambo, tukiwa tumekaa kwenye benchi la duka lake. Wote walisikiliza, wote walisema "aha". Aminieli alisema, "Dawa upake wewe, nywele aote mwingine? Basi mimi nikinywa Panadol, apone jirani." Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. Maneno hayo yalitembea kijiji kizima kwa siku moja. Maelezo ya daktari hayakufika hata nyumba ya tatu.

Pasaka, Melkizedeki alipanda kutoka Makanya anakofanya kazi kwenye machimbo ya jasi. Alimvua Victoria kofia, akamtazama, akamrudishia. Akauliza, "Nani anamwogesha huyu?" Irine akasema ni shangazi. "Anampaka mafuta gani?" Irine akasema ya nazi. "Umeyaona yakitoka dukani?"

Niliingilia. Nilimweleza yote tangu mwanzo. Alipokataa kuelewa nilimpigia Daktari Nasrin simu, nikaweka spika. Daktari alieleza kwa Kiswahili chepesi ambacho hata Victoria angekielewa. Melkizedeki akasema, "Asante sana, daktari," kwa adabu. Simu ilipokatika akaniambia, "Huyo ni binti mdogo. Anajua vya kusoma." Kisha akasema, "Zamani wazee wetu walijua pa kumpeleka mtoto wa namna hii. Shukuru kwamba sisi tunamtafuta mwenye kosa, mtoto hatumgusi."

Kila Mpare anajua alikuwa anausema mwamba gani, ule ambao zamani watoto walioonekana mkosi walitupwa kutoka juu yake. Nilimfukuza nyumbani kwangu, na Irine akalia kwa sababu nimemfukuza kaka yake siku ya Pasaka.

Mwanzoni mwa Mei niliona nywele kwenye shuka la Victoria. Zilikuwa fupi, laini, si zangu. Kusema kweli na zangu zilikuwa zimeanza kuondoka, kwa sababu ukiacha dawa hiyo ulichopata unakirudisha. Kila asubuhi nilikuta nywele za aina mbili, za baba na za mwana. Nilimwonyesha Irine. Nikamwambia, "Zinapukutika, kama alivyosema daktari." Aliziangalia kwenye kiganja changu, akasema, "Labda." Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga.

Sasa tukio. Mnamo tarehe 18 Mei 2025, siku ya Jumapili, majira ya saa nane mchana, nilikuwa nyuma ya nyumba yangu nikikata majani ya mbuzi. Victoria alikuwa amelala ndani. Irine alikuwa kwa mama yake. Nilisikia sauti ya shangazi kutoka uani kwake. Hakuwa anapiga yowe. Alikuwa anasema "Acheni, acheni, acheni," kama mtu anayewafukuza kuku. Nikaruka ua.

Nilimkuta shangazi ameketi chini mbele ya jiko lake. Mwanaume nisiyemfahamu, mrefu, mwenye fulana ya kijani, alikuwa amemshika mikono kwa nyuma. Melkizedeki alikuwa amepiga goti, mkono mmoja umeshika kichwa cha shangazi, mkono mwingine una wembe. Kitambaa cha kichwa kilikuwa chini. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshanyolewa, tena vibaya, na damu ilikuwa inatoka juu ya sikio la kushoto na kuingia kwenye kola ya gauni lake la kanisani. Nywele walizokuwa wamenyoa walikuwa wameziweka kwenye leso nyeupe. Sufuria ya makande ilikuwa inaungua motoni na hakuna aliyeitoa.

Nilimvuta Melkizedeki tukaanguka. Nilimpiga, hilo sikatai. Yule wa fulana ya kijani akanishika shingo. Melkizedeki aliinuka, akakunja ile leso akaiweka mfukoni, akasema, "Shemeji, hatujamuua. Tumechukua kilichotakiwa." Nikamwuliza kimetakiwa na nani. Akajibu mbele ya watu kwamba alikwenda kwa mganga huko tambarare, na mganga ametaka nywele za aliyemwotesha mtoto nywele, ili zichomwe. Jina la mganga hakulitaja. Wakaondoka kwa pikipiki.

Nimesema mbele ya watu, kwa sababu watu walikuwepo. Walikuwa wamesimama nje ya ua, kama kumi hivi, wengine wakiwa bado na majoho ya kwaya mkononi. Mwenyekiti Aminieli alikuwa miongoni mwao. Niliwauliza, "Mmesimama tangu lini?"  Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuondoka, wakipita pembeni ya njia kama mtu anayekwepa tope.

Nilimwinua shangazi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto amelala? Usimwache peke yake." La pili lilikuwa makande. Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Jeraha lilikuwa na urefu wa kidole gumba, na kovu lipo. Nilimwomba tushuke Same siku ile ile, akakataa. Alisema akienda polisi, Irine atakosa kaka, Victoria atakosa mjomba, na mimi nitakosa mke. Aliwahesabu wote, yeye mwenyewe hakujihesabu. Afande ameniuliza kwa nini jambo la Mei linaletwa Juni. Hiyo ndiyo sababu.

Jioni nilimwuliza Irine kama alijua. Alimlaza mtoto kwanza. Kisha akasema, "Nilijua anakuja. Aliniambia anataka nywele. Nikadhani ataomba."

Kesho yake Melkizedeki alimletea Irine majivu kwenye karatasi ya gazeti, ya kumwogeshea mtoto. Niliyachukua mkononi mwake Irine akiona, nikaenda kuyamwaga chooni, gazeti na majivu. Hayakumgusa mtoto hata chembe. Irine ni shahidi wa hilo na anaweza kuitwa.

Lakini nywele ziliendelea kupukutika, kama daktari alivyosema. Mwisho wa Mei paji la Victoria lilikuwa safi, halina nywele. Mashavu yakafuata. Irine akamvua kofia, akampeleka kanisani, na watu wakaja kumshika mtoto mashavu wakimshukuru Mungu na Melkizedeki kwa pumzi moja. Mwanamke mmoja aliniambia, "Umeona sasa? Ungewaacha wakamnyoa mapema." Nilimwambia dawa niliacha tangu Aprili. Nilimwambia majivu niliyamwaga. Alinipapasa mkono kama unavyompapasa mfiwa.

Nilimwambia Irine, "Waambie majivu hayakutumika. Wewe ulikuwepo." Alijibu, "Mtoto anapona, Hezroni. Waache waamini wanachoamini." Nikamwambia, "Na shangazi?" Akaendelea kukunja nguo. Shangazi kwa wakati huo alikuwa hachoti maji bombani mchana. Alikuwa anasubiri wengine waondoke. Dukani kwa Aminieli walikuwa wanapokea hela yake lakini hawamwambii karibu tena.

Mnamo tarehe 7 Juni, siku ya Jumamosi, majira ya saa tatu asubuhi, kulikuwa na mkutano wa kitongoji kuhusu mfereji wa maji. Yalipofika mengineyo niliomba kusema. Nilisema yote niliyosema hapa. Nilisema kwa utaratibu, sikumtukana mtu. Niliwataka wamsafishe shangazi jina mbele ya watu, kama alivyochafuliwa mbele ya watu.

Mwenyekiti Aminieli alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hezroni, jambo lako ni rahisi. Dawa si unayo bado? Basi paka tena. Mbebe mtoto shingoni kama ulivyokuwa unambeba. Zikiota tena, sisi wenyewe tutakwenda kwa shangazi yako kumwomba radhi, na Melkizedeki tutampeleka polisi kwa mikono yetu. Zisipoota, unyamaze."

Watu wakaitikia. Walitikisa vichwa kama waliosikia hukumu ya haki. Hata mzee wa kanisa alitikisa kichwa. Niliangalia uso mmoja mmoja nikitafuta mtu wa kusema kwamba huyo ni mtoto wa miezi kumi na moja. Sikumwona. Nilikaa chini wakarudi kwenye mfereji.

Afande ameniuliza kama nililifikiria pendekezo hilo. Nimekubali kusema kweli. Ndiyo, nililifikiria. Jumapili mchana nilitoa chupa kwenye sanduku, ilikuwa imebaki nusu, nikaiweka mezani nikaitazama. Nilifikiri, je, nikipaka kidogo? Je, wiki moja tu? Je, nikimwita daktari asimamie? Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile chupa, na bado ndiyo ilikuwa njia pekee waliyoniachia. Mtu anasema kweli tangu Aprili, anaambiwa aithibitishe kwa moyo wa mwanawe.

Shangazi aliingia bila kubisha hodi, kwa sababu kwangu hapigi hodi. Aliona chupa. Habari za mkutano alikuwa nazo. Aliketi, akavua kitambaa, na nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe tupu.

Akasema, "Umepaka?"

Nikasema, "Bado, shangazi."

Akasema, "Sikiliza. Nimezika mume, nimezika kaka zangu. Nywele zinaota, unaziona. Kama moyo wa mtoto utasumbuka kwa ajili ya jina langu, jina lenyewe silitaki. Siku utakayopaka hiyo dawa, nakwenda kwa Aminieli nasema ni mimi. Nasema nilimfanyia, na siku naitaja."

Nikamwambia, "Shangazi, utasemaje uongo kama huo?"

Akasema, "Wataniamini. Wewe ndiye wasiyekuamini."

Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyaandikisha kama alivyoyasema, kwa sababu ikitokea siku yoyote akakiri jambo hilo, ijulikane alikiri kwa nini.

Jana, tarehe 9 Juni, nilishinda shambani peke yangu. Leo alfajiri nimechukua usafiri wa kwanza nikashuka. Irine nimemwambia ninakokwenda. Aliniuliza kama kaka yake atafungwa, nikasema sijui. Hakunizuia. Wakati natoka alinifungia chakula, akakaa mlangoni na mtoto. Chupa nimekuja nayo na nimeikabidhi kwa afande, ili kijijini asiwepo mtu wa kuniambia tena kwamba ninayo.

Afande ameniuliza ninataka nini. Nataka sheria imshike Melkizedeki na yule wa fulana ya kijani kwa walichomfanyia mama wa watu mchana kweupe. Lakini kama hilo litachukua muda, nataka kwanza iwepo karatasi moja, mahali pamoja, yenye mhuri, iliyoandikwa kwamba kulikuwa na dawa, na kwamba Rogathe Mgonja hakumfanyia mtoto wangu kitu chochote isipokuwa kumwogesha. Nimelisema jambo hili kwenye benchi, kanisani na mkutanoni. Hapa ni mara ya kwanza mtu ameandika nilichosema badala ya kunijibu.

Nimeishia hapo. Nimesomewa maelezo haya neno kwa neno, nimeyaona ni sahihi kama nilivyoyatoa, na ninatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: H. E. Mgonja

MAELEZO YA AFISA

Nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa usahihi kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, akakubali na kusaini mbele yangu. Nimepokea chupa moja ya dawa ya maji, iliyotumika nusu, nimeifunga na kuiwekea lebo kama kielelezo.

Saa 6:40 mchana, shahidi akiwa bado kituoni, alifika mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni Rogathe Mgonja, miaka 66, wa Ngambweni. Alisema ameambiwa na mke wa shahidi kwamba shahidi ametoka nyumbani na chupa. Kabla ya kuketi alitaka kujua kama shahidi amepaka dawa hiyo. Alijibiwa hapana. Aliomba maji ya kunywa. Baada ya hapo alikubali kupewa fomu ya polisi ya matibabu (PF3) na kuandikisha maelezo yake kama mlalamikaji. Jeraha lililopona juu ya sikio la kushoto limeonekana.

WP Koplo Kurwa
Polisi Same
10/06/2025